Kwa Nini Seli Hazitii Nanga: Selulosi ya Bakteria na Kazi ya Plazma

Mimina kimiminika chenye sukari na virutubishi kwenye chombo kipana cha kioo, tia bakteria wa jenasi Komagataeibacter, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, kisha kiache chombo kitulie kwenye nyuzijoto 28 hadi 30. Usikitikise. Baada ya siku mbili tatu, pale hasa kimiminika kinapokutana na hewa, utaona kiwingu chembamba kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Baada ya wiki moja au mbili kiwingu hicho kimekuwa utando mnene, unaoteleza, wa rangi ya maziwa yaliyozimuliwa. Ukiuinua kwa kibano unaning'inia huku maji yakichuruzika, na ukijaribu kuuchana kwa vidole utashangaa jinsi unavyogoma. Karibu asilimia 99 ya uzito wake ni maji. Hiyo asilimia moja inayobaki ndiyo selulosi, na ndiyo inayobeba mzigo wote.

Mkemia Mwingereza Adrian John Brown aliueleza utando huu mwaka 1886 alipokuwa akichunguza bakteria wa siki, akaonyesha kwamba umejengwa kwa selulosi, kitu kilekile kinachojenga kuta za seli za mimea. Jina la bakteria mwenyewe limebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Waliosoma zamani wanamjua kama Acetobacter xylinum. Leo anaitwa Komagataeibacter xylinus.

Kinachowavutia watu wa tiba ni usafi wake. Selulosi ya mti imefungamana na lignini na hemiselulosi, vitu vingine vinavyojenga mbao, na kuitenganisha nazo kunadai kemikali kali. Selulosi ya bakteria huzaliwa bila wenzake hao. Kazi inayobaki ni kuwaondoa bakteria waliokwama ndani pamoja na mabaki ya chakula chao, na hilo hufanywa kwa kuupasha moto utando ndani ya mmumunyo hafifu wa sodiamu haidroksaidi, kisha kuusuuza kwa maji safi mara nyingi mpaka besi yote itoke. Hatua hii inaonekana ya kawaida, lakini naona inastahili heshima kuliko inavyopewa. Kuta za bakteria hawa hubeba endotoksini, sumu ambayo hata kwa kiasi kidogo sana huleta homa na uvimbe ikiingia mwilini. Utando uliosuuzwa nusunusu hauokolewi na ufundi wowote utakaofuata, plazma ikiwemo.

Chini ya hadubini ya elektroni utando unaonekana kama mtandao wa nyuzi bapa zilizopishana ovyo, kila moja ikiwa na upana wa nanomita 20 hadi 100. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo ungehitaji kupanga nyuzi mia nane au zaidi ubavu kwa ubavu ili kuufikia. Hakuna mpango wa ufumaji: kila bakteria hutembea huku akiacha uzi nyuma yake, nyuzi zinakutana, na pale zinapokutana zinashikana. Ukubwa wa nyuzi hizi unakaribiana na ule wa nyuzi za kolajeni ambamo seli zetu zinaishi. Mtu akiuona kwa mara ya kwanza husema, basi hapa ndipo nyumbani kwa seli.

Seli zenyewe hazikubaliani naye.

Ukipanda seli hai juu ya utando huu uliosafishwa vizuri, kisha ukazitazama siku ya pili, nyingi utazikuta bado mviringo kama ushanga. Seli iliyoridhika hujitandaza. Inanyoosha miguu yake, inakuwa bapa, inashika, halafu inaanza kugawanyika. Seli iliyo mviringo haijashika popote. Ukisuuza sahani kwa upole inaondoka na maji. Mwili unaupokea utando huu bila ugomvi mkubwa, seli hazifi kwa sababu yake, hakuna sumu. Lakini hazitii nanga. Kuvumiliwa ni jambo moja, kushikwa ni jambo jingine, na makala hii yote imo katika pengo lililopo kati ya hayo mawili.

Ili kulielewa pengo hilo inabidi kwanza kuachana na picha tuliyoizoea, kwamba seli inagusa kitu na kuamua kama inakipenda. Seli haigusi kitu chenyewe. Mara tu kitu kinapowekwa kwenye damu au kwenye majimaji ya kukuzia seli, protini huwahi kufika. Ni ndogo, ni nyingi, na ndani ya sekunde na dakika chache zimeshajipanga juu ya uso. Seli inapofika baadaye inakuta zulia limeshatandikwa, na inachokigusa ni zulia. Protini mbili muhimu katika zulia hilo ni fibronektini na vitronektini. Zote mbili zina mahali pa kushikia penye asidi amino tatu zinazofuatana, yaani aginini, glisini na asidi aspatiki, mfuatano uliotambuliwa mwaka 1984. Integrini, ambazo ni kama vidole vya seli, hutafuta mfuatano huo. Zikiupata, seli inashika.

Sasa tazama uso wa selulosi kwa jicho la protini. Kuna vikundi vya haidroksili tu, yaani oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, kila upande, na kila kimoja kimeshashikana na molekuli za maji. Hakuna chaji. Hakuna sehemu yenye kuchukia maji ambayo tumbo la protini lingeweza kuiegemea. Protini inayotaka kutua lazima kwanza iyasukume maji yaliyotangulia, na maji hayo hayana haja ya kuondoka. Matokeo yake zulia linakuwa jembamba na lenye mapengo, au protini zinatua kwa namna ambayo mfuatano ule wa asidi amino tatu umegeukia chini. Seli ikifika haioni pa kushika.

Kabla ya kuita hali hii kasoro, mtu afikirie kidonda. Aliyewahi kubanduliwa bendeji iliyogandamana na kidonda anajua maumivu yale, na anajua kwamba kinachong'oka pamoja na bendeji ni ngozi changa iliyokuwa inaanza kuota. Kifuniko kisichoshikwa na seli ndicho kinachotakiwa pale. Utando wa bakteria huweka kidonda katika hali ya unyevu, hupitisha hewa, huzuia vijidudu vya nje kupenya, na ukimaliza kazi huondoka bila kuchubua. Nchini Brazil, katika miaka ya 1980, ulianza kutumika kwa majeraha ya moto na vidonda kwa jina la Biofill. Katika kazi hiyo kuteleza kwa seli ni fadhila.

Geukia mshipa wa damu, na fadhila hiyo hiyo inageuka kikwazo. Mishipa bandia ya plastiki hufanya kazi vizuri ikiwa mipana, lakini chini ya kipenyo cha milimita 6 huelekea kuziba kwa damu iliyoganda. Nchini Ujerumani, kundi la Dieter Klemm la Jena lilikuza selulosi ya bakteria moja kwa moja katika umbo la mrija, na mwaka 2001 likaeleza mirija yenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 hivi, iliyojaribiwa kwenye ateri za shingo za panya. Mrija wa namna hiyo unahitaji ukuta wake wa ndani ufunikwe na seli za endothelia, zile bapa zinazotandika mishipa yetu yote na kuizuia damu isigande. Zisiposhika, ukuta unabaki wazi mbele ya damu. Hali ni kama hiyo kwa kiunzi cha kuoteshea neva: seli ya neva isiyoshika haioti.

Kwa hiyo swali ni namna ya kuubadili uso. Njia ya kale ni kemia ya majimaji: unauloweka utando kwenye kemikali inayoshambulia haidroksili na kupachika kikundi kingine. Inafanya kazi, lakini utando ni sifongo. Kemikali inapenya mpaka katikati, inalegeza vifungo vya hidrojeni vinavyozishikanisha nyuzi, na nguvu tuliyoisifu mwanzoni inapungua. Isitoshe, kila tone la kemikali lililoingia lazima litolewe kabla ya kitu kuwekwa mwilini, na kuisuuza sifongo yenye vinyweleo vidogo kuliko mikromita moja ni kazi ya siku nyingi. Kinachotafutwa ni kitu kinachobadili uso na kuacha kiini kama kilivyo, kisicho na kimiminika, kisichoacha mabaki. Hapo ndipo plazma inapoingia.

Moto na baridi katika chombo kimoja

Plazma, ambayo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huiita utegili, ni gesi ambayo baadhi ya atomu zake zimepoteza elektroni. Jina la plazma lilitolewa mwaka 1928 na Mmarekani Irving Langmuir, na kitu chenyewe si plazma ya damu, ingawa jina ni moja. Wengi wakisikia plazma huwaza jua au radi, halafu hujiuliza kwa haki kabisa: utando wa selulosi, kitu kinachoungua kama karatasi, utawekwaje humo?

Jibu liko katika uzito wa elektroni. Molekuli ya nitrojeni ni nzito zaidi ya mara 50,000 kuliko elektroni moja. Ukitia umeme wa masafa ya redio ndani ya gesi iliyopunguzwa sana, elektroni nyepesi huchukua kasi mara moja, ilhali molekuli nzito hazina muda wa kuitikia. Elektroni inapoigonga molekuli hudunda kama punje ya mchele iliyorushwa kwenye mtungi uliojaa maji: mtungi hausogei, na punje inaondoka na karibu nguvu zake zote. Basi ndani ya chombo kimoja unapata elektroni zenye nishati ya elektronivolti kadhaa, na elektronivolti moja ni sawa na joto la zaidi ya nyuzi 11,000, huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la kawaida la chumba. Hii ndiyo plazma baridi. Aliye nje akiangalia dirishani anaona mng'ao tu: wa waridi ulioelekea urujuani ikiwa gesi ni nitrojeni.

Kifungo kati ya kaboni na kaboni huvunjwa na elektronivolti 3.6 hivi, kati ya kaboni na oksijeni 3.7, kati ya kaboni na hidrojeni 4.3. Ukizilinganisha namba hizi na nishati ya elektroni zilizomo, utaona kwa nini plazma ina uwezo. Elektroni, ayoni (atomu au molekuli zenye chaji), mwanga wa urujuanimno na vipande vya molekuli vilivyochangamka hufika kwenye uso wa selulosi kwa pamoja. Vifungo vinakatika. Palipokatika panabaki radikali huru, yaani atomu yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, na radikali haikai ukiwa: inashika chochote kilicho karibu.

Kitakachokuwa karibu ndicho unachokichagua kwa kuchagua gesi. Nitrojeni na amonia hupachika vikundi vyenye nitrojeni, vikiwemo amini, yaani vikundi vya nitrojeni na hidrojeni, ambazo katika hali ya mwili huchukua protoni na kupata chaji chanya. Oksijeni huleta kaboksili, vikundi vyenye tabia ya asidi, na kaboni zenye oksijeni zaidi. Gesi zenye florini huufanya uso ukimbize maji. Agoni haina cha kupachika. Yenyewe hugonga na kuchonga tu, ikiacha radikali nyingi ambazo, utando ukitolewa nje, hukutana na oksijeni ya hewa na kumalizana nayo. Ndiyo maana hata utando uliopitishwa kwenye agoni tupu hukutwa na oksijeni ya ziada, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi mwanzoni.

Shida ya maji, kabla ya kuwasha chochote

Maelezo mengi huruka hatua inayosumbua kuliko zote. Plazma ya aina hii huwashwa kwenye mgandamizo wa paskali makumi kadhaa hadi mia moja, yaani elfu moja ya hewa ya kawaida au chini ya hapo. Utando wetu ni maji asilimia 99. Chini ya paskali 611 maji hayawezi kubaki kimiminika. Ukiuweka utando mbichi kwenye chombo na kuwasha pampu, maji yataanza kuchemka na kuganda kwa wakati mmoja, mvuke utajaa, mgandamizo utakataa kushuka, na plazma ukiiwasha itakuwa ni plazma ya mvuke wa maji, si ya gesi uliyoichagua.

Lazima ukaushwe. Na namna ya kukausha inaamua nusu ya matokeo. Ukianikwa au kuwekwa kwenye oveni, maji yanapotoka huzivuta nyuzi pamoja, zinalaliana, haidroksili zinashikana, na utando wa milimita kadhaa unakuwa karatasi ngumu inayong'aa. Ukiurudisha kwenye maji haurudi kuwa ulivyokuwa. Ukigandishwa kwanza kisha barafu ikavukizwa chini ya ombwe, mtandao unabaki wazi kwa kiasi kikubwa, ingawa fuwele za barafu nazo huacha mianya yao. Tafiti mbili zinaweza kusema zimetumia selulosi ileile na nitrojeni ileile zikapata majibu tofauti, kumbe moja ilipiga plazma karatasi na nyingine ilipiga sifongo. Mimi nikisoma taarifa yoyote ya eneo hili huanza kutafuta sentensi ya kukausha kabla ya kusoma matokeo.

Ipo plazma inayowaka kwenye hewa ya kawaida bila pampu, kwa kutenganisha elektrodi kwa kizuizi kisichopitisha umeme. Wazo hilo ni la Werner von Siemens, aliyelitumia kutengeneza ozoni mwaka 1857. Inaweza kufanya kazi hata penye unyevu. Lakini mvuke na oksijeni vinajiingiza katika kila mmenyuko, na kudhibiti nini hasa kimepachikwa kunakuwa kugumu zaidi.

Tuseme utando umekauka vyema na plazma imewaka. Inaingia kina gani? Vitabu husema nanomita chache hadi makumi machache, na kwa bamba la plastiki hilo ni ganda jembamba lisilo na uzito wowote. Kwa utando wenye unene wa milimita 2, nanomita 10 ni sehemu moja ya laki mbili. Hesabu hii ndiyo inayofanya watu waseme plazma hugusa ngozi na kuuacha mwili. Nami nakubaliana nayo, ila kwa sharti moja. Selulosi ya bakteria si bamba. Ni rundo la nyuzi zenye upana wa nanomita 20 hadi 100, na uzi wa nanomita 40 uliochongwa nanomita 10 kila upande umebaki nusu. Kwenye tabaka la juu kabisa, kinachoitwa ngozi kwa vitu vingine ndiyo mwili wenyewe wa uzi. Kwa hiyo muda na nguvu ya umeme vina mpaka wake. Dakika zikizidi, uso unachongwa, minyororo ya selulosi inakatwa vipande vifupi vinavyoyeyuka kwenye maji, na ukisuuza, vikundi vile ulivyojitahidi kuvipachika vinaondoka na vipande hivyo. Mtu anapima nitrojeni nyingi kabla ya kusuuza, kisha anashangaa imekwenda wapi.

Tone la maji linavyopotosha

Kipimo kinachopendwa katika fani ya nyuso ni tone la maji. Unaliweka juu ya kitu, unatazama ubavuni, unapima pembe ambayo tone linafanya na uso. Pembe kubwa, tone limekaa kama lulu: uso unakimbiza maji. Pembe ndogo, tone limetandaa: uso unapenda maji. Kwa plastiki nyingi mambo ni rahisi: hazipendi maji, seli hazishiki, unazipiga plazma, zinapenda maji, seli zinashika. Sahani za maabara za kukuzia seli hutengenezwa kwa namna hiyo, polistirini iliyotiwa oksijeni juu. Kutokana na mafanikio hayo imejengeka imani kwamba kazi ya plazma ni kuongeza mapenzi ya maji.

Weka sasa tone juu ya selulosi ya bakteria. Halikai. Linatandaa, linanyonywa, na wakati unaandaa kamera limeshapungua. Uso huu ulipenda maji kabla hujaugusa, na bado seli ziliukataa. Kama tatizo lingekuwa maji, lisingekuwepo tangu mwanzo.

Mfano ulionipa picha kamili ni utafiti uliotoka Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, mwaka 2010. Watafiti waliupitisha utando wa selulosi ya bakteria kwenye plazma ya nitrojeni, kisha wakapima kila kitu. Mapenzi ya maji hayakuongezeka. Aliyekuwa anategemea tone peke yake angefunga daftari na kusema jaribio limeshindwa. Lakini kipimo cha fotoelektroni za eksirei, kinachosoma ni atomu zipi zilizopo katika nanomita kumi hivi za juu, kilionyesha nitrojeni imeingia. Hadubini ilionyesha vinyweleo vimeongezeka. Na seli zilipopandwa, zile za endothelia za mishipa midogo ya binadamu zilishika na kuongezeka vizuri zaidi kuliko kwenye utando usioguswa. Seli za asili ya neva vilevile. Fibroblasti, seli za tishu unganishi, hazikupata nafuu hiyo.

Nimelirudia jambo hili la fibroblasti mara nyingi kichwani kwa sababu ndilo linalofundisha zaidi. Uso mmoja, plazma moja, majimaji yaleyale, na seli mbili zinafurahi huku ya tatu haijali. Kila aina ya seli ina seti yake ya integrini na namna yake ya kuutandika uso kwa protini inazozitoa yenyewe. Amini chache juu ya uzi hubadili ni protini gani inayotua, imegeukia wapi, na imejikunjua kiasi gani; mabadiliko hayo yanaweza kufungua mlango kwa seli moja na kutomgusa jirani yake. Ukubwa wa vinyweleo nao una sauti yake, na katika jaribio la namna hii kemia na umbo vimebadilika kwa pamoja, kama chanda na pete. Sentensi isemayo "plazma huongeza mshikamano wa seli" haijakamilika mpaka iseme seli ipi.

Kwa mrija wa damu, hata hivyo, ni bahati njema. Fibroblasti hazitakiwi kujazana ndani ya mshipa mwembamba. Zikizidi, ukuta unanenepa na njia inabanwa. Uso unaozipendelea endothelia ni karibu na kile ambacho mtu angekiagiza.

Baada ya mng'ao kuzimwa

Plastiki zilizopigwa plazma zina ugonjwa unaojulikana: husahau. Minyororo ya polima iliyo juu hugeuka polepole, vikundi vipya vinajificha ndani, na baada ya siku au wiki uso umerudi karibu na ulivyokuwa. Selulosi ina ahueni hapa. Minyororo yake imejipanga katika fuwele na kushikiliwa na vifungo vya hidrojeni, haina nafasi ya kujigeuza. Katika utafiti ule wa Minho nitrojeni ilibaki thabiti kadiri muda ulivyopita, na hata baada ya kupitishwa kwenye otoklevu, chombo cha kutakasia kwa mvuke. Hilo la otoklevu si dogo. Kitu chochote kinachowekwa mwilini lazima kitakaswe, na mvuke wa nyuzi 121 ndiyo njia ya kawaida. Matibabu ya uso yasiyostahimili mvuke yanabaki maabara. Wapo wanaodai kwamba plazma yenyewe inatosha kuutakasa utando kwa kuwa inaua vijidudu. Inaua kweli, ila pale inapofika, na tumeshaona inafika wapi. Katikati ya utando mnene haifiki.

Wengi hawaishii kwenye plazma. Wanaitumia kama koleo la kuandaa shamba: vikundi vya amini au kaboksili vilivyopachikwa huwa mahali pa kufungia kitu kikubwa zaidi kwa kifungo cha kweli cha kikemia, kama kolajeni, peptidi (kipande kifupi cha protini) yenye ule mfuatano wa asidi amino tatu, au kitosani, kitu kinachopatikana kwenye maganda ya kamba na kinachodhoofisha vijidudu. Kwa upande wa vidonda hatua hii ina maana ya pekee, kwa sababu selulosi ya bakteria haina uwezo wowote wa kuua vijidudu. Inavizuia visipite, basi. Ukifungia kitosani au chembechembe za fedha juu ya uso ulioandaliwa, utando unapata silaha, na silaha hiyo haiondoki yote kwenye usaha wa siku ya kwanza kama ambavyo ingeondoka kama ungekuwa umeloweka tu. Na kwa kuwa plazma hupiga upande ulioelekea mng'ao, inawezekana kuwa na utando wenye nyuso mbili: mmoja umeandaliwa, mwingine umeachwa na tabia yake ya kuteleza.

Mrija ndio mgumu. Kuitia plazma kwenye bamba lililolazwa ni rahisi. Kuiwasha ndani ya mrija wa milimita chache, ikafika sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, ni suala jingine. Radikali huzaliwa karibu na mdomo na kufa zikigonga ukuta kabla ya kufika katikati. Mbinu mojawapo ni kuipitisha gesi ndani ya mrija na kuuzungushia elektrodi kwa nje, ili mng'ao uwake ndani peke yake. Hapo tena mgandamizo, kasi ya gesi na urefu wa mrija vinategemeana, na kilichofaa kwa mrija mmoja hakihamishiki kwa mwingine bila kupimwa upya.

Halafu kuna chembe sahani za damu, zile zinazoanzisha mgando. Nazo zina integrini. Nazo hutafuta fibrinojeni, protini ya damu inayoshiriki katika mgando, iliyotua juu ya uso, na uso uliofanywa uvutie protini kwa ajili ya endothelia unazivutia protini zote, fibrinojeni ikiwemo. Utando ule wa mwanzo, uliokataa kila mtu, ulikuwa angalau unazikataa na sahani pia. Ndiyo maana seli za endothelia hupandwa na kuachwa zitande maabara kabla mrija haujaunganishwa na damu, ili damu ikifika ikute seli na si uso. Zikiacha pengo la mikromita kumi kati yao, sahani, ambayo upana wake ni mikromita 2 au 3, inapita hapo bila shida, na chini yake inakuta amini zikingoja.